Majani Huenda Mnadani, Maji Hushuka Tanga

Mzee aliyeketi mbele yangu alimimina chai kwenye kisosi, akakiinua kwa mikono miwili, akapuliza mara moja, kisha akafyonza kwa sauti iliyomfanya mtoto wa meza ya pili acheke. Hakujali. Akamimina tena. Ilikuwa strungi: maji, majani na sukari, hakuna maziwa wala kiungo. Kando yake, juu ya kipande cha gazeti, palikuwa na vitumbua viwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Na begi hilo, safari ya wapi?"

Nikamwambia naenda Amani, nataka kunywa chai kule kule inakolimwa. Akanitazama kidogo, akaangalia kikombe chake, akanitazama tena. "Chai unaiacha mezani, unaifuata mlimani?"

Tulikuwa Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, jua likiwa bado halijapata nguvu. Mimi nimekulia Dar es Salaam, na kwetu kile alichokuwa anakunywa mzee huitwa chai ya rangi. Mombasa na Lamu utasikia chai ya mkandaa, kwa kuwa gome la mkandaa, mmoja wa miti ya mikoko, hutoa wekundu wa namna hiyo hiyo. Strungi nayo ni Kiingereza cha "kali" kilichokaa pwani mpaka kikasahau kwao. Hata neno chai ni msafiri: lilianza China, likapita Uajemi na Bara Hindi, likatua kwetu na kupewa kazi zaidi ya moja. Kunywa chai ni kufungua kinywa asubuhi, hata kama kilichomo kikombeni ni uji. Kijana wa Dar akikwambia "hiyo chai", amekuona unamtungia uongo. Na ofisa akikuomba chai, usimpelekee birika.

Neno linanifuata kila siku, lakini mmea wenyewe nilikuwa sijauona kwa macho. Ndiyo maana nikafunga begi.

Kutoka Tanga hadi Muheza ni lami, mkonge kushoto, mkonge kulia. Mkonge nao ni mgeni: Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, na katika miche iliyosafirishwa ikabaki hai 62 tu, iliyozaa mashamba yote yale. Muheza yenyewe ni mji wa machungwa. Ukishuka stendi unazungukwa na vijana wenye mafungu yaliyomenywa tayari, ganda la kijani limezungushwa kama utepe. Nilikula mawili nikisubiri gari la Amani lijaze. Mchana ulifika, gari likajaa, likajaa tena, ndipo likaondoka.

Baada ya lami ni udongo mwekundu. Tulipita Kisiwani, tukafika Sigi, ambapo nyumba ya zamani ya stesheni bado imesimama chini ya miti. Wajerumani walijenga reli ndogo kutoka Tengeni hadi hapa, shabaha yao kubwa ikiwa magogo ya msitu. Reli haipo tena, stesheni imekuwa kituo cha habari cha Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa rasmi mwaka 1997. Hapo ndipo mlima unapoanza kukuuliza maswali. Kona baada ya kona, hewa ikapoa, masikio yakaziba, na mvua ikaamua kutusindikiza.

Kwenye kona ambayo sikuihesabu, gari liliteleza likaegemea ukingo wa barabara. Tukashuka wote. Wanaume wakakunja suruali, wakakata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu, wakasukuma, wakateleza, wakasukuma tena. Nami nilisukuma, nikapata tope mpaka kwenye nyusi. Wakati tunapumzika, mama mmoja mwenye kanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani, alifungua chupa ya chai aliyokuwa ameipakata tangu Muheza. Akamimina kwenye mfuniko, akanipa mimi kwanza.

"Kunywa, mwanangu, utapata homa."

Ilikuwa ya moto, tamu, rangi yake ya kijani iliyopauka kama majani ya mgomba uliokosa jua. Ilinukia limau bila uchachu wa limau. Nikamuuliza ni chai gani.

"Mchaichai."

"Na majani?"

"Majani ya nini tena? Si hayo ya mchaichai?"

Nilikuwa naenda Amani kutafuta chai, na chai ya kwanza niliyopewa haikuwa na hata jani moja la chai. Jina la mmea huo limeibeba chai mara mbili, na ndani yake haimo. Mfuniko ukaenda kwa dereva, kwa utingo, kwa mwanafunzi mwenye begi la kanisa, mpaka chupa ikaisha. Hapo ndipo gari lilipokubali kupanda.

Amani iko takribani mita 900 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani huijua tofauti hiyo usiku. Nilipata chumba kwenye nyumba ya mama mmoja anayepokea wageni, nikalala na sweta. Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa mlangoni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Mbega walikuwa wanaunguruma msituni, mwenyeji wangu akiwa ameshawasha moto.

Nilitembea kabla ya kunywa chochote, kwa kuwa nilitaka kuuona mmea kwanza. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo, wakapanda kila walichodhani kitawaletea faida: kahawa, mpira, mdalasini, karafuu, miti ya kwinini, na chai. Bustani yao ya mimea ni miongoni mwa zile kubwa barani Afrika. Vita vya Kwanza vilipowakatia meli, walichemsha magome ya Amani na kutoa kwinini ya askari wao. Chai ya Tanganyika, pamoja na ile ya Rungwe, ilianza kwa majaribio ya miaka hiyo ya mwanzo, ingawa kilimo cha biashara chenyewe huhesabiwa tangu 1926, Waingereza walipokuwa wameshika nchi.

Msitu ulikatika ghafla na chai ikatokea. Nilikuwa nimeitarajia iwe kama shamba la maharage. Kumbe ni zulia, limekatwa usawa wa kiuno, likapanda kilima, likashuka bonde, likapanda tena hadi ukungu ulipolifuta. Mchai ukiachwa huwa mti mrefu kuliko nyumba. Hukatwa makusudi ili usipande juu, utoe machipukizi badala ya shina, na mkono wa mchumaji uyafikie. Hadithi ya mmea mzima ni hiyo: kuzuiwa kukua ili uendelee kuwa mtoto.

Wanawake wanne walikuwa kwenye mistari, vikapu mgongoni, mapande ya nailoni kiunoni kuzuia umande. Niliwaamkia, nikaomba kutazama. Mmoja wao, kwao Njombe, Mbena, aliniambia baba yake ndiye aliyekuja kufanya kazi ya chai, yeye akazaliwa huku huku. Mashamba ya Kwamkoro na Bulwa yaliwavuta watu wengi kutoka Nyanda za Juu Kusini, kiasi kwamba vijiji vya Amani vina Wasambaa na Wabondei, na kando yao Wabena na Wahehe wa kizazi cha tatu.

"Majani mawili na kichipukizi," akanionyesha. Kidole gumba na cha shahada vikabana, vikavunja, vikatupa begani bila yeye kugeuka. "La tatu limekomaa, likiingia kiwandani linaharibu." Nikajaribu. Nilipochuma moja yeye alikuwa amechuma kumi, na hilo moja langu akalikagua, akalitupa chini kwa adabu. Kila kichaka hurudiwa baada ya wiki moja au mbili, kutegemea mvua.

Nikamuuliza yeye mwenyewe anapenda chai gani.

"Ya rangi. Sukari iwe ya kutosha. Sitaki iliki wala nini, viungo ni vya pilau."

"Unatumia majani ya hapa?"

Wote wanne wakacheka. "Tunanunua dukani kama wewe."

Nilipokuwa narudi nilikutana na mzee aliyefanya kazi kiwandani miaka mingi, akaniketisha kwenye gogo akanieleza bila haraka. Jani bichi lina maji zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Likifika kiwandani linatandazwa na kupulizwa hewa usiku kucha linyauke, ndipo linapopitishwa kwenye roli zenye meno, linakatwa na kupondwa. Linaachwa lipigwe na hewa, na hapo ndipo kijani kinapogeuka rangi ya shaba. "Watu wanadhani tunatia rangi," alisema. "Rangi imo mle mle. Ukiikausha kabla haijageuka, unapata chai ya kijani. Mti ni ule ule mmoja." Mwisho ni tanuri, mpaka unyevu ubaki kiasi cha asilimia 3 tu, halafu chekeche za kupanga ukubwa. Kilo nne na nusu hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Ile iliyosagika zaidi, wenyewe huiita vumbi, hutoa rangi haraka na ndiyo inayopendwa na wenye haraka.

Baada ya hapo chai huondoka. Chai ya Tanzania kwa miaka mingi imeuzwa mnadani Mombasa, mnada ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamishiwa pwani 1969. Novemba 2023 Dar es Salaam nayo ikaanza mnada wake. Huko wanunuzi huichanganya na ya milima mingine na ya nchi nyingine, na kinachorudi dukani Amani kwenye pakiti hakuna awezaye kusema kilitoka kilima gani. Nilinunua pakiti moja kwenye kioski kilichotazamana na shamba. Kutoka kaunta hadi mchai wa karibu ningeweza kurusha chungwa likafika.

Nikarudi nyumbani kwa mwenyeji wangu nikiwa na pakiti hiyo mkononi, nikampa. Akaipokea, akaiweka rafu ya juu, akasema, "Ahsante. Sasa njoo uone chai."

Kile kilichofuata nimejaribu kukirudia jikoni kwangu mara kadhaa, na kila mara kinakosa kitu, pengine moshi. Alikuwa na mafiga matatu, kuni za mhesi, sufuria nyeusi kwa nje na nyeupe kwa ndani. Aliniambia mhesi nao uliletwa na wakoloni, hondohondo wakala tunda lake na kunya mbegu msitu mzima, sasa umejaa kila mahali na watu wa hifadhi wanaulalamikia. "Chai ililetwa ikakaa ilikopandwa," akasema akivunja kijiti. "Huu ulitoroka. Basi tunauchoma."

Maji yalipoanza kuimba alitoka nje, hatua sita tu, akarudi na mchaichai aliouzungusha mkononi na kuufunga fundo, na majani mawili ya mdalasini. Mimi mdalasini nilioujua ni gome lile la kukunjika. Alipolichana jani nikasikia harufu ya karafuu na mdalasini kwa pamoja. "Gome tunauza. Jani tunakunywa." Akaponda tangawizi kwenye kinu cha mbao kwa mapigo mafupi, ikaingia sufuriani. Halafu akaweka kinuni iliki tano na kijiko kidogo cha sukari, akatwanga pamoja.

"Sukari ya nini, mama?"

"Iliki peke yake inakukimbia, inaruka kinuni. Sukari inaishika, inasagika mpaka unga."

Punje chache za pilipili manga zikafuata. Nikaona kopo la maziwa kando, bado ya vuguvugu kutoka kwa ng'ombe wa jirani, nikataka kusaidia, nikalishika. Akanidaka mkono.

"Hapana, baba! Tangawizi haijaiva. Ukitia maziwa sasa yatakatika."

Nilikuwa nimeshayakatisha maziwa hivyo hivyo nyumbani, nikamlaumu muuza maziwa. Tangawizi mbichi ina kitu kinachogandisha maziwa, na moto wa kuchemka ndio unaokiua. Kwa hiyo kwanza maji na tangawizi vichemke hasa, ndipo maziwa. Alisubiri. Akatia maziwa, nusu kwa nusu, akasubiri yapande, akaepua kidogo, akarudisha, yakapanda tena. Majani ya chai yaliingia mwishoni kabisa, kijiko kimoja kwa sufuria nzima, kama mgeni rasmi anayefika sherehe ikiwa imeshanoga. Akachuja na kumimina kutoka juu, mkono ukipanda na kushuka, hadi povu likasimama juu ya bilauri. Kitafunwa kilikuwa magimbi ya kuchemsha na mihogo.

Sijui niieleze vipi ladha yake. Tangawizi ilishika koo, iliki ikabaki puani, na jani la mdalasini likaja nyuma polepole wakati nimeshameza. Chai yenyewe, ile niliyoifuata, niliihisi kama mpiga ngoma wa nyuma: ukimwondoa utajua, lakini si yeye unayemtazama.

Iliki ya Amani ina habari yake. Hupenda kivuli, kwa hiyo wakulima waliipanda chini ya miti mikubwa ya msitu, wakafyeka vichaka na kuiacha miti juu. Mfuko mmoja wa iliki kavu ulibebwa kichwani hadi barabarani ukalipa ada za shule. Lakini msitu usio na miche chini hauna watoto wa kuurithi, na ardhi huchoka baada ya miaka. Miaka ya mwanzo ya 2000, serikali ilipotaka kuunganisha misitu kupitia ushoroba wa Derema, mashamba ya iliki yaliyokuwamo yalifungwa na wakulima wakapewa fidia. Mwenyeji wangu aliligusa jambo hilo kwa sentensi moja tu, akitazama kinu. "Hii ni ya nyuma ya nyumba. Ile nyingine tuliiacha kule."

Jioni ile nyumba ilijaa, na nikafanya kile nilichokuja kufanya: nikamuuliza kila mtu chai aipendayo. Mume wa mwenyeji, Mhehe, anataka ya maziwa matupu, bila tangawizi, na ikae mpaka itande utando juu. Utando huo huuondoa kwa kidole akaula kwanza. Bibi mzaa mama, Mbondei, hanywi majani ya chai tangu apate shinikizo la damu. Yeye ni mchaichai asubuhi na jioni, na mkate wa kumimina kukiwa na mgeni. Kijana wa mwisho anaweka sukari vijiko sita, hakorogi, anakunywa chungu juu na tamu chini, anasema ndiyo starehe yenyewe. Binti mkubwa yuko Maskati. Alitumiwa swali langu kwa simu, akajibu kwa sauti: kule ni karak, maziwa ya kopo, iliki, inachemka mpaka inakuwa nzito rangi ya udongo wa mfinyanzi, unainywa garini kwenye kikombe cha karatasi. "Tamu," alisema, "ila mwambie mama anikaushie mchaichai."

Katika watu saba, hakuna wawili waliokubaliana. Walichokubaliana ni kwamba chai inanyweka watu wakiwa wameketi, na kwamba mgeni hawezi kulala bila kuongezewa.

Niliondoka siku ya tatu na furushi la mchaichai na majani ya mdalasini yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba. Gari lilishuka bila kuteleza. Tulipovuka mto karibu na Sigi, maji yakiruka mawe meupe, utingo aliyekuwa amening'inia mlangoni alinyoosha kidole.

"Haya ndiyo mnayokunywa Tanga."

"Vipi?"

"Mto Sigi huu. Unashuka hadi bwawa la Mabayani, halafu bombani."

Nilikaa na neno hilo mpaka Muheza, mpaka mkonge, mpaka Ngamiani. Mvua iliyotuzamisha matopeni, ukungu wa mlangoni, umande ule kwenye mapande ya wachumaji, vyote vinashuka polepole kwenye mizizi ya msitu na kutokea mjini kwenye mfereji. Kikombe cha strungi ni maji karibu chote.

Asubuhi iliyofuata mzee alikuwa palepale, na kisosi chake. Nikamwamkia, nikakaa. Mama wa mgahawa alifungua bomba lililo nyuma ya meza, akajaza birika, akaliweka jikoni. Nikalisikiliza mpaka maji yalipoanza kuimba.

"Haya, msafiri," mzee akasema. "Umeipata chai ya Amani?"

Nikafungua furushi, nikampa jani moja la mdalasini. Akalichana, akalinusa, akalinusa tena, akalitia mfuko wa shati. Halafu akamimina strungi yake kwenye kisosi, tupu kama siku zote, akapuliza.

"Hiyo nitampelekea mke wangu," akasema. "Mimi hii inanitosha."

Nikaagiza kama yake.